Kamani Mbili

Kiwandani, kwa anayehusika:

Naandika kutoka Mbale, Barabara ya Naboa,
chumba cha uani, nyuma ya duka la rangi,
dirisha moja, na Wanale imelijaza lote.
Mimi ni Gidudu, koplo mstaafu,
fundi wa silaha mwenye kibali.
Kiswahili hiki nilikabidhiwa siku moja na buti;
buti zikaisha soli, chenyewe kikabaki.

Mlalamikaji ni Bi Nambozo, mnunuzi wa kahawa.
Ameibiwa mara mbili msimu wa mavuno,
mara ya pili wakamfungia ghalani
na magunia yake mwenyewe.
Akaomba kibali. Akahojiwa. Akangoja miezi kumi na minne.
Ndipo akanunua bastola yenu, mpya, ingali na mafuta yake,
na karatasi ya dhamana iliyokunjwa mara nne
kama hirizi.

Risasi ya kwanza inatoka. Ya pili inatoka.
Ya tatu inakwama, shingo juu,
kama kuku aliyesikia mwewe.
Nimeijaribu uwanjani, polisi wakitazama, magazini sita.
Ya tatu. Kila mara ya tatu.

Nikaifungua. Nikapitisha ukucha mdomoni mwa chemba,
ukucha ukanasa.
Kijino. Kidogo kuliko punje ya ulezi,
kimesahauliwa na tupa ya mtu wenu
ambaye labda kengele ilikuwa imelia, supu inapoa.
Simlaumu.
Na mimi nimewahi kuacha kazi mezani kwa ajili ya supu.

Sasa niseme lile lingine.

Kamani iliyomo ndani si yenu.
Shemeji yake, Wamono, kijana wa mikono miepesi,
aliona ya tatu inakwama, akasema: hiyo kamani imelegea.
Akaleta nyingine kwenye mfuko wa nailoni, haina jina wala namba,
akaibadilisha juu ya meza ya chakula
kati ya bakuli la malewa na chumvi.
Haikuponya kitu. Haikuharibu kitu.
Ila kifungu chenu cha tisa, kwa herufi za sisimizi, kinasema
kikiingia kitu kigeni, dhamana inatoka.

Bi Nambozo alikuja jana na ile ya zamani,
ameifunga kwenye pindo la leso.
"Irudishe, Gidudu. Nani atajua?"
Nikazipima kwenye mizani yake ya sampuli za kahawa,
moja huku, moja huku.
Mshale haukuchagua upande.
Chuma hakina cha kusema.
Vidole vyangu, nakiri, vilishaanza kufungua.

Kambini tulikuwa na sajini aliyeandika "safi"
mbele ya namba ya bunduki ambayo hakuigusa.
Aliyeipokea asubuhi ile alikuwa Okiring.
Alikuwa na miaka ishirini.
Siendelei.

Kwa hiyo naandika yote mawili, na picha nimeambatisha:
kijino ni chenu, kamani ni yetu.
Msivichanganye.
Kile kijino ningekisugua mwenyewe, robo saa tu,
nikanywa na chai,
lakini hapo ndipo mngeuliza: nani ameshika tupa?

Mnasema itumwe kwenu. Sawa.
Nauli, kibali cha kuitoa nchini, mihuri,
haya dhamana hayaijui.
Bi Nambozo amepiga hesabu: magunia matatu ya arabika
kwa punje moja ya chuma.
Alicheka, kisha hakucheka.

Tukisubiri jibu, bastola imo sandukuni mwangu,
vipande vipande, na kamani zote mbili kwenye bahasha,
kila moja na jina lake.

Yeye amenunua mbwa.
Hana meno mawili ya mbele,
na aliyemuuza hakutoa karatasi yoyote.
Anabweka vizuri.

Wenu,
Gidudu